Derby ya 5-1 ilivyoingia kwenye daftari la madeni la Baba

NKWENDA, Kyerwa. Ilikuwa Jumapili, Novemba 5, 2023, saa 11 jioni. Filimbi ya Simba na Yanga inapulizwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, na mimi mwandishi wa michezo sipo jukwaa la waandishi. Nipo nyuma ya kaunta ya duka la nyumbani, napima sukari robo ya mtoto aliyetumwa na mama yake, jicho moja kwenye mizani na jingine kwenye runinga iliyofungwa juu ya shelfu la sabuni.

Dukani watu walikuwa wamejaa. Waliowahi walikalia kreti za soda, waliochelewa walisimama mlangoni, na wengine walibanana kibarazani chini ya bati maana mvua ya Novemba ilikuwa imeanza. Mama alikuwa na beseni la senene wa kukaanga pembeni ya mlango, anauza kwa kikombe. Ni msimu wao, na derby ikikutana na senene huku kwetu hakuna mtu anayebaki nyumbani.

Dakika ya tatu tu Kennedy Musonda akaipa Yanga bao. Nusu ya duka ikaruka. Dakika ya tisa Kibu Denis akasawazisha kwa kichwa, nusu nyingine nayo ikaruka, soda mbili zikamwagika kwenye gunia la chumvi.

Mtu mmoja hakuruka. Mdogo wangu, Simba damu tangu anajifunza kusema, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na droo ya pesa, kashika simu kwa mikono miwili. Kibu amefunga, Simba imerudi mchezoni, yeye kimya. Nilimwona. Nilijua kwa nini. Na sikusema kitu, kwa sababu sehemu ya lile tatizo nililitengeneza mimi.

Lakini kwanza nikueleze hilo duka lenyewe, maana bila kulijua hutaelewa kilichotokea kipindi cha pili.

DUKA LENYEWE

Nkwenda ipo kwenye njia inayotoka Omurushaka, Karagwe, kwenda Murongo, mpakani na Uganda. Zamani kote huku kulikuwa Karagwe. Kyerwa ilipata wilaya yake 2012, ila wazee bado wanakuambia wao ni watu wa Karagwe na Baba ni mmoja wao.

Duka ni la chumba kimoja, mbele ya nyumba tunayoishi. Kuna mlango wa nyuma unaoingia moja kwa moja sebuleni, kwa hiyo hata usiku wa saa nne mtu akigonga dirisha anataka kiberiti, kuna wa kuamka. Tunauza sukari, chumvi, majani ya chai, mafuta ya kula ya kupima, dagaa, betri, madaftari, vocha, soda, mche wa sabuni unaokatwa vipande. Ndizi hatuuzi, huku nani atanunua ndizi dukani?

Wateja ni wakulima wa kahawa na maharage, walimu, bodaboda, wachimbaji wa bati wanaopita, na Waganda wachache wenye biashara zao upande huu. Hao Waganda ndio waliotuletea ubishi zaidi dukani. Hamis Kiiza alipofunga mabao mawili Yanga ikiongoza 3-0 mapumziko, Oktoba 20, 2013, kuna mmoja alinunulia watu soda kabla mpira haujaisha. Simba ikarudisha yote, 3-3. Soda zilikuwa zimeshanyweka. Siku hiyo hatukuwa na runinga, tulisikiliza redio ya betri, na nadhani ndiyo siku niliyoamua nitafanya kazi hii ninayofanya.

Aliyeanzisha duka ni Babu. Alilifunga 1976, ilipokuja Operesheni Maduka, serikali ilipotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji. Bidhaa zikawa zinatoka kampuni ya biashara ya mkoa, RTC, na zisipotoka mnakaa bila sabuni. Kwa wasomaji wa kurasa hizi RTC siyo jina geni, RTC Kagera ilikuwa timu ya mpira ya Bukoba na wazee hawajaisahau. Babu alikuwa anasema RTC ilikuwa inaleta mabao kuliko sukari. Alifungua tena duka enzi za Mzee Ruksa, na Baba akalirithi.

Mimi nikaenda kusoma diploma ya uandishi wa habari. Mdogo wangu akabaki dukani. Hatukukaa kikao kupanga hivyo, ilitokea tu, kama timu inavyojikuta na beki wa kulia asiyekuwa beki wa kulia.

MKEKA NA FLOTI

Septemba 2023 Baba alianguka na bodaboda, mguu ukavunjika. Akafungwa hogo, akalazwa, kisha akarudi nyumbani kukaa kitandani chumba cha nyuma. Duka likabaki mikononi mwa mdogo wangu, miaka 21, na Mama akimsaidia akitoka shamba.

Biashara inayoingiza pesa za haraka pale dukani ni uwakala wa pesa za simu. Hesabu yake ni rahisi na ndiyo maana ni hatari. Baba aliweka mtaji wa shilingi 1,200,000. Sehemu ipo kwenye simu, ndiyo floti, na sehemu ipo kwenye droo, ndiyo keshi. Mteja akija kuweka pesa, keshi inaongezeka na floti inapungua. Akija kutoa, kinyume chake. Ukijumlisha floti na keshi jioni, lazima ipatikane milioni moja na laki mbili. Isipopatikana kuna mtu kala. Kamisheni inakuja mwisho wa mwezi na haiingii kwenye hesabu hiyo.

Baba alikuwa anajumlisha kila jioni kwa miaka yote. Alipolala kitandani, mjumlishaji akawa yule yule anayeshika simu. Kwenye mpira tungesema refa na nahodha ni mtu mmoja.

Mdogo wangu alianza na mkeka wa shilingi elfu moja. Kila kijana wa Nkwenda anabeti, na wengine ni baba zetu. Alishinda kidogo, akapoteza kidogo. Halafu akagundua kwamba floti ikihamia kwenye laini yake, droo inabaki na keshi yake ile ile. Mama akichungulia jioni anaona noti, anaridhika. Shimo lilikuwa ndani ya simu, na simu Mama haigusi.

Kuanzia mwishoni mwa Septemba alikuwa ananipigia karibu kila wikiendi. "Kaka, nani anaanza? Kaka, yule kiungo kapona? Kaka, hii mechi unaionaje?"

Nilikuwa najibu kwa raha zote. Nataka uelewe ilivyokuwa. Nilikuwa mwandishi mchanga, ofisini nilikuwa napewa stori za mechi ambazo hakuna anayezisoma, na huyu hapa mdogo wangu ananiuliza mimi kama mchambuzi. Nilimpa vikosi. Nilimpa majeruhi. Kuhusu derby nilimwambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba Simba hafungwi. Na hoja zilikuwepo. Simba ilikuwa imeipiga Yanga 2-0 Aprili ile, ikabeba Ngao ya Jamii mbele yake kwa penalti kule Tanga Agosti, na ilikuwa haijapoteza mechi ya ligi msimu ule. Yanga ilikuwa imetoka kupigwa 2-1 na Ihefu mwezi mmoja nyuma. Nani asingesema Simba?

Sikumuuliza hata siku moja kwa nini mtu anayekatia watu sabuni anataka kujua kama kiungo fulani kapona.

Nilifika nyumbani Novemba 1, likizo ya wiki mbili, nimsaidie Baba. Ijumaa ya tarehe 3 usiku nikajumlisha floti na keshi. Nilipata 770,000. Nikajumlisha tena. Zilikosekana 430,000.

Mdogo wangu hakubisha. Alikaa juu ya gunia la chumvi akanieleza yote, wiki kwa wiki, timu kwa timu, na kila timu aliyoitaja nilikuwa naikumbuka, maana nilimshauri mimi. Tukakubaliana tutamwambia Baba Jumatatu, mpira ukishaisha, akili zikitulia. Lilikuwa wazo langu na lilikuwa baya. Ukimpa mtu aliyefungwa dakika 90 zaidi, atapeleka hadi kipa mbele.

Jumamosi usiku mimi nimelala, yeye alihamisha laki mbili na nusu nyingine. Akaziweka zote Simba ashinde. Zikitoka anaziba shimo na chenji inabaki.

KIPINDI CHA PILI

Mapumziko ilikuwa 1-1. Nilimfuata pale kwenye ndoo nikamuuliza kwa sauti ya chini, akanionyesha simu. Sikuweza kumjibu kwa sababu muda huo huo watu watatu walikuwa wanagonga kaunta wanataka soda. Mapumziko ya derby ndiyo dakika 15 zenye pesa kuliko wiki nzima, huwezi kuziacha ukaenda kugombana na mdogo wako uani.

Niseme kidogo kuhusu hiyo soda, maana watu wanadhani runinga dukani ni pesa. Kreti ina chupa 24. Faida kwa chupa ni kama shilingi mia moja, na hapo hujakata umeme wa friji, hujakata chupa inayopasuka, hujakata king'amuzi. Mtu mmoja ananunua chupa moja, anaikumbatia dakika 90 na za nyongeza. Kibanda umiza cha jirani wanalipa kiingilio mlangoni, sisi hatutozi. Mama alishapendekeza tutoze, Baba akakataa. Anasema aliyekaa kwako bure leo ataona aibu kwenda kununua sukari kwa mwingine kesho. Sijui kama ni kweli. Najua kuna watu wanaoangalia mpira kwetu na sukari wananunua kwa jirani kwa sababu ana mfuko mzuri.

Kipindi cha pili kikaanza. Maxi Nzengeli akafunga. 2-1. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Aziz Ki akafunga. 3-1. Mdogo wangu akainuka, akapita mlango wa nyuma, akaingia uani kwenye mvua.

Maxi tena, 4-1. Pacome Zouzoua kwa penalti, 5-1. Duka lilikuwa linatetemeka. Wana Yanga walikuwa wanacheza nje kwenye matope, mzee mmoja ninayemheshimu sana alivua shati. Mashabiki wa Simba waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, wengine bila kulipa soda. Mimi nilikuwa nahesabu. 430,000 jumlisha 250,000. Laki sita na themanini.

Sikumbuki bao la nne lilifungwaje. Mimi, ambaye kazi yangu ni kukumbuka mabao.

DAFTARI LA BABA

Kabla ya kukwambia Baba alifanya nini, lazima nikueleze daftari, kwa sababu ndilo duka lenyewe. Hizo bidhaa shelfuni zinabadilika, daftari halibadiliki.

Ni kaunta buku ya jalada gumu. Kila mteja anayekopa ana ukurasa wake. Majina ni yale yanayoeleweka na sisi tu: Mwalimu wa Hesabu, Mama Pacha, Fundi Pampu, Ta fulani wa mlimani. "Ta" ni heshima ya huku kwa mwanaume mzima, na Baba hata akimdai mtu mwaka mzima hamwandiki bila hiyo Ta. Anaandika tarehe, kitu, bei. Akilipa anapiga mstari mmoja juu yake, haufuti kilichoandikwa, unakipita tu.

Ukutani pana kibao kama kwenye maduka yote ya nchi hii, kwamba kukopa ni kesho. Hakuna anayekisoma. Ukigoma kukopesha Nkwenda unafunga duka, kwa sababu pesa huku zina msimu. Kahawa inavunwa kuanzia Mei hadi kama Septemba, watu wanapeleka kwenye vyama vya msingi, wanalipwa, wanakuja kupunguza daftari. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ni kiangazi cha mifuko. Watoto wanarudi shule, sare, madaftari, na duka linaandika tu. Baba naye analala mali kauli kwa wenye maduka ya jumla Omurushaka, wanampa mzigo kwa neno lake. Kwa hiyo mkulima anamdai mnunuzi, Baba anamdai mkulima, mwenye jumla anamdai Baba, na wote wanasubiri kahawa ikauke.

Hapo ndipo baadhi ya wenye maduka wanafanya butura. Wasomaji wa nje ya Kagera, butura ni hivi: mkulima ana shida, unampa sukari na sabuni na pesa kidogo, na yeye anakuuzia kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini, kwa bei ya kuumia. Ikiiva unavuna wewe. Serikali inaipiga vita miaka mingi na bado ipo. Faida yake ni kubwa mno, hasa bei ya kahawa inapopanda. Baba hajawahi. Deni la kwake linaandikwa kwa shilingi na linalipwa kwa shilingi ile ile, hata kama kahawa imepanda mara ngapi. Nilipokuwa kijana wa sekondari nilikuwa naona ni ushamba. Wenzake walijenga, sisi tuliongeza shelfu.

Sasa Jumatatu asubuhi Baba akatoka chumbani kwa magongo, mara ya kwanza tangu aumie. Alikuwa amesikia. Nyumba ya duka haina siri, ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa duka. Sidhani kama alilala.

Akakaa kwenye kiti chake. Hakupiga kelele. Akamwambia mdogo wangu asome floti. Akasoma. Akaniambia mimi nihesabu keshi. Nikahesabu. Akasema andikeni jumla, tukaandika 520,000. Akasema andikeni inayotakiwa, tukaandika 1,200,000. Toeni. Tukatoa kama watoto wa darasa la tatu.

Halafu akamwambia mdogo wangu afungue ukurasa mpya kwenye kaunta buku na aandike jina lake juu. Lake kamili, siyo la utani. Mdogo wangu akaandika. Baba akanigeukia. "Na wewe mwandishi, uliyekuwa unampa vikosi. Fungua wa kwako."

Nikataka kujitetea. Nikaanza kusema kwamba mimi sikuweka hata shilingi. Akaniangalia tu mpaka nikamaliza. Nikafungua ukurasa. Laki tatu na arobaini kwake, laki tatu na arobaini kwangu.

Ndipo Mama akaongea. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote na beseni lake. Akamuuliza Baba, huyu mtoto atalipa na nini? Miaka mitatu yupo hapa kuanzia saa 12 asubuhi, mshahara wake uko wapi?

Hakuna aliyejibu. Duka la familia halina mshahara, lina "chukua hapo". Ukitaka viatu, chukua hapo. Ukitaka nauli ya kwenda Kayanga, chukua hapo. Mdogo wangu alikuwa anachukua hapo kwa ruhusa miaka mitatu, na hakuna siku aliwahi kushika pesa akasema hii ni yangu. Simtetei. Aliiba, na aliiba baba yake akiwa kitandani. Lakini swali la Mama mimi lilinikaa zaidi kuliko lile la Baba, kwa sababu diploma yangu ililipwa na hilo hilo duka na hakuna mtu aliyenifungulia ukurasa.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Mteja akaja akanunua betri, akaondoka. Mwisho Baba akasema, kuanzia Desemba mshahara wa kijana ni 60,000 kwa mwezi, inakatwa 20,000. Na simu ya uwakala jioni itasomwa na Mama. Mama ambaye hakuwa anaigusa alijifunza kwa siku mbili, na sasa anajua menyu zote kuliko mimi.

Siku iliyofuata, Jumanne, Simba ikatangaza kuachana na kocha wake Robertinho. Mashabiki kibarazani wakasema hiyo ndiyo dawa. Mdogo wangu alikuwa ndani anakata sabuni. Kibarazani walikuwa wameshampa jina, wanamwita Tano Moja, na mpaka leo kuna watoto hawajui ana jina jingine.

SUKARI ILIPOPOTEA

Sitaki udhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Mapema 2024 sukari iliadimika nchi nzima, mvua za El Nino zilizuia viwanda kuvuna miwa. Kilo ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi. Kwa duka kama letu sukari ndiyo mshambuliaji wa kati: faida yake ndogo, lakini ndiyo inayomleta mtu, na akija anachukua na majani na kiberiti. Sukari ikikosekana hata chumvi hainunuliki. Mtaji wa uwakala ulikuwa na tundu, mzigo wa jumla ulikuwa na deni, na kwa miezi mitatu Baba hakuweza kulipa ule mshahara wala kukata. Alituma ujumbe kwangu, mfupi, kwamba ukurasa wangu unamsubiri.

Nilikuwa naahidi tu. Nililipa wa kwangu kwa mikupuo minne, na kila nilipotuma Baba alisisitiza nitume na ya kutolea.

Sukari tunayouza mara nyingi ni ya Kagera Sugar, kutoka Missenyi, wale wale wenye timu. Ni kitu cha ajabu kidogo kupima sukari ya kilo huku runinga inaonyesha jina lile lile likifungwa. Msimu wa 2024/25 timu ikashuka daraja. Simba au Yanga zikija Kaitaba, vijana wa Nkwenda walikuwa wanachangishana, wanakodi gari kwenda Bukoba, na asubuhi kabla ya kuondoka wanapita dukani kununua maji, biskuti na vocha. Nilimuuliza mdogo wangu kama biashara hiyo itapungua msimu ujao. Akasema itapungua, ila wengi wao walikuwa wanaandikwa.

Kuhusu kubeti, bado wanabeti. Simba na Yanga zote mbili ziliingia mkataba na kampuni ya kubeti 2017, kampuni hizo zimelipa mishahara ya wachezaji tunaowapenda, na matangazo yake yanachangia gazeti kama hili kutoka. Siwezi kusimama hapa nikajifanya sijui. Ninachofanya mimi siku hizi ni kimoja. Mtu akinipigia kuuliza nani anaanza, namuuliza kwanza anataka kujua ya nini. Wengine wanakata simu.

Juni 25, 2025, ile derby iliyoahirishwa Machi hatimaye ikachezwa. Safari hii nilikuwa jukwaa la waandishi, Mkapa. Yanga ikashinda 2-0, Pacome tena kwa penalti, Clement Mzize akamalizia, ubingwa ukaenda Jangwani. Nilikuwa bado naandika stori ya mechi, watu wamenizunguka wanapiga kelele, simu ikaita. Nkwenda.

Ukurasa wa mdogo wangu ulikuwa umebakiza 40,000. Nilipoona jina lake kwenye kioo tumbo lilinikata, sitakuficha. Nikapokea.

"Milioni moja na laki mbili, kaka," akasema. "Mama kasoma mara mbili. Na kreti tatu zimeisha."

Nikamwambia sawa. Kisha akaanza kulalamika kuhusu ile penalti, na alilalamika mpaka salio lake likaisha.